GARI MOSHI HALIKUWA ZAWADI

Ndugu wanachama,

Katika stesheni ya Maputo, Msumbiji, imewekwa mashine ya zamani ya gari moshi ili watu waitazame. Na wako wasemao: "Oneni, Mreno aliwaletea Waafrika maendeleo!"

Ati aliwaletea! Mwaka 1909 Wareno na Transvaal walitia sahihi mkataba. Migodi ya dhahabu ipate wanaume wa Msumbiji. Bandari ya Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, ipate fungu lake la mizigo ya Transvaal. Watu wakabadilishwa kwa mizigo! Gari moshi likawabeba kwenda mashimoni, kama manamba wetu walivyobebwa kwenda kwenye mkonge. Wengi walirudi na vifua vibovu, wengine hawakurudi. Waliobaki nyumbani walikamatwa kwa chibalo, yaani shokoa, wakatumikishwa bandarini na relini.

Hiyo ndiyo zawadi?

Sisi hatuchukii chuma. Chuma hakina kosa, na tangu uhuru wa 25 Juni 1975 wenye nchi ni Wamsumbiji wenyewe. Tunachokataa ni uongo wa kumsifu aliyepanda daraja la kwanza na kumsahau aliyetia makaa.

Basi kila tawi liwafundishe vijana. Mbele ya mashine kama ile wasiulize tu iliundwa wapi. Waulize: Nani alitandika reli? Nani alibebwa? Nani alilipwa?

Mwenye kudai akisahau deni lake, mwisho humshukuru aliyemnyang'anya.

Uhuru na Kazi!