Sigara si "Makruhu Tu"



Wapo wasemao: "Sigara ni makruhu tu." Nami nilijificha nyuma ya neno hilo miaka tisa, nikiwasomesha watoto fiqhi ilhali kanzu yangu inanuka tumbaku. Usiku mmoja mke wangu, ambaye hajapata kuvuta hata mara moja, alibanwa na kifua, pumzi ikamkatikia. Daktari aliuliza: "Nyumbani nani anavuta?" Nikainamisha kichwa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Wapatao milioni 1.6 kati yao hawakuvuta, bali walivutishwa moshi wa wenzao. Je, hilo nalo ni makruhu tu? Qur'ani (4:29) imetukataza kuziua nafsi zetu, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana.

Kuacha si kwepesi: nimeanguka mara mbili, na sasa ni mwezi wa tatu, Alhamdulillah. Lakini Ramadhani twajizuia tangu alfajiri hadi magharibi, kisha wengine hufuturu kwa tende na sigara! Aliyeweza mchana kutwa, usiku ana udhuru gani?

Tuwahurumie wake zetu kabla hatujawasalia Swala ya jeneza.

Wabillahi tawfiq.