Chupa yenye mkanda ina mwenyewe

Jumatatu iliyopita mjukuu wangu wa darasa la tatu alirudi nyumbani bila chupa yake ya maji. Mwalimu wa zamu aliikata kamba yake getini, akamwambia chupa ya kufungwa kamba ni uchafu, alete ya dukani. Shule yenyewe siitaji, maana neno hilo nimelisikia hata sokoni na kwenye daladala. Ni neno hilo ninalotaka kulijibu.

Kamba ile niliisokota mwenyewe pajani, kwa singa za mkonge. Nimekulia kambini, kwenye shamba la mkonge huku Korogwe. Mama hakutoka kwenda kukata mkonge bila kibuyu cha maji begani, kimevikwa wavu wa kamba, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi: mmoja umeshika jani lenye mwiba, mwingine kisu, na matita yanahesabiwa, kila tita majani 30. Kibuyu kilipopata ufa alikishona. Kikapasuka kwingine, akashona tena. Kamba yake ilikuwa bado nzima, basi angekitupaje?

Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu huishia mtaroni ikiwa bado nzima, kwa sababu haina pa kushikiwa. Mtoto ana begi, ana ufagio wa shule, ana nauli kiganjani. Chupa ikishakuwa tupu, ndiyo ya kwanza kuachwa. Ifungie mkanda uone. Ya mjukuu wangu ilikaa begani muhula mzima, na wenzake walijua ni ya nani.

Kuifunga si kazi kubwa. Chukua kamba ya pima moja, ilowe kidogo iwe laini. Ikunje katikati, izungushe shingoni mwa chupa chini ya ule ukingo ulio chini ya kifuniko, ncha zote mbili zipite ndani ya kitanzi, kisha kaza. Ukingo ndio unaozuia kitanzi kuchomoka chupa ikijaa maji kilo moja na nusu. Ncha moja izungushe hadi upande wa pili wa shingo, ipitishe chini ya kamba, uipige fundo hapo, chupa isije ikaning'inia upande. Mwisho unganisha ncha juu: ya kulia ipite juu ya ya kushoto, halafu ya kushoto ipite juu ya ya kulia. Ukirudia upande uleule, fundo litateleza. Mtoto avae mkanda begani, kamwe asiuvae shingoni.

Mwalimu ana haki kuhusu usafi, nami namuunga mkono. Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa isiguswe. Nyingine ioshwe kwa sabuni kila jioni, na ikianza kunuka au kuchubuka ndani, iende kwa waokota chupa. Kamba ifuliwe, ihamie kwenye chupa nyingine. Lakini kukata kamba hakusafishi chupa.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, vikapu vilirudi mikononi mwetu, wala sikusikia mtu akiviita uchafu. Na mkonge ni wetu tangu 1893, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Hindorf, alipoleta miche na ikapona 62 tu. Mashamba yale yote yalianzia hapo. Inaniuma kuona mtoto wa Tanga anafika darasa la saba hajawahi kusokota singa wala kupiga fundo linaloshika.

Juzi jioni nilisokota kamba mpya, nikamwachia mjukuu afunge mwenyewe. Fundo la juu lilimtoka mara mbili. Mara ya tatu aliitikisa chupa ikiwa imejaa, akaniambia, "Babu, imeshika." Ijumaa nitakwenda shuleni na fungu la singa, nimwombe mwalimu dakika 20 za kipindi chake.