Boga la Nazi kwa Sufuria ya Presha

Mama mmoja aliyehamia Kaloleni kutoka Mombasa ametuuliza kwa nini boga lake la nazi, tangu aanze kulipika kwa presha, limekuwa uji wenye tui lililokatika. Aongeza kwamba mavyaa wake alilionja, akanyamaza. Wasomaji wanaoujua uzito wa kimya hicho watatuwia radhi kwa kuipa barua yake safu nzima ya juma hili.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwa nyuzi 94 hivi, ilhali Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Ndiyo sababu maharagwe na mbaazi zilizokuwa zikiiva upesi kwetu Pwani hutuchosha huku, na ndiyo sababu nyumba nyingi za Eastlands, kuanzia Majengo hadi Umoja, zimeizoea sufuria ya presha, ambayo hufungia mvuke ndani na kupandisha joto kupita nyuzi 110. Lakini boga si maharagwe. Katika sufuria ya kawaida huiva kwa nusu saa au pungufu. Zile dakika 15 alizolipa dada yetu katika presha ni adhabu.

Twasema wazi: anayeshinda nyumbani hana haja ya presha kwa boga. Faida ni ya yule atokaye kazini, akakwama Barabara ya Jogoo, akafika mlangoni saa kumi na mbili jioni, na Maghrib imebaki nusu saa.

Boga la kilo 1, ambalo Marikiti huliita malenge, limenywe na kutolewa mbegu na nyuzi zake zote, kwani hizo ndizo huziba tundu la mvuke. Likatwe vipande vya upana wa vidole vitatu, litiwe maji kikombe 1 na chumvi kidogo. Sufuria isijae kupita nusu. Tui lisiingie kabisa. Likichemshwa kwa presha hufanya povu na kukatika. Filimbi ikianza kulia, punguza moto, hesabu dakika 3, kisha zima na uiache.

Kuiacha huko ndiko kugumu. Ramadhani moja, katika nyumba ya ghorofa ya tatu, tulisikia adhana na sufuria bado ina mvuke. Tukaisukuma mifuniko kwa nguvu. Boga liliruka hadi ukutani, na mvuke ukatuunguza mkono hadi kiwiko. Mtoto alikuwa nyuma yetu, ameshika pindo la kanga. Lau angalikuwa upande wa pili, tusingaliandika habari hii kwa utulivu. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno. Tulimshukuru, hatukuipaka. Jeraha la moto hutaka maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kwa kuwa bomba lilikuwa kavu siku hiyo, tulimiminiwa ya mtungi, kata kwa kata.

Kwa hiyo inua kizito cha filimbi kwa mwiko. Kikilia, bado. Mfuniko ulio tayari hufunguka bila kushindana na mtu, na ikiwa adhana imekwisha kusomwa, zipo tende na maji.

Wakati wa kungoja ndio wa kukuna nazi. Kamua tui zito kikombe 1, ulimimine juu ya boga pamoja na sukari vijiko 3 na iliki iliyopondwa, moto uwe mdogo, bila mfuniko, ukikoroga taratibu. Likianza kutokota pembeni, epua.

Wengi hulipenda boga kwa kukumbuka alivyosimulia Anas bin Malik, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akivitafuta vipande vya dubbaa pembeni mwa chombo alipoalikwa na mshonaji. Boga letu hili asili yake ni bara la Amerika. Lile la Madina lilikuwa jamii ya mumunye. Mumunye nalo latiwa nazi likapendeza, ila ni laini mno, na presha ikae kabatini.

Dada wa Kaloleni alijaribu kwanza Jumamosi, siku isiyo na haraka, kabla ya kumwalika mavyaa tena.