NYUMBA NA KAMBI: Daftari Lenye Herufi za Namna Mbili

Majuma matatu yaliyopita nilipokea barua ya mama mmoja, mke wa sajini, ambaye ni katibu wa chama cha akina mama cha kuweka akiba na kukopeshana katika kambi ambayo sitaitaja. Barua ilikuwa fupi, lakini ilininyima usingizi. "Mama," aliandika, "wenzangu wanasema nimeghushi daftari, nami sikughushi hata senti moja. Ushahidi walio nao ni sura ya herufi tu. Nakuomba unisaidie kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, maana bwana yuko kazini mbali, wala sipendi habari hii imfikie kwa vinywa vya watu."

Kwa miaka mingi chama hicho kilitumia daftari la karatasi, na sote twaijua kanuni ya daftari la karatasi. Ukiona mstari mmoja umeandikwa kwa wino wa rangi nyingine, au kwa mkono usiofanana na ule wa juu yake, unauliza: nani aliyeandika hapa, na lini? Ni swali la haki kabisa. Akina mama waliolelewa na daftari la namna hiyo walihamia kwenye kompyuta mwaka jana, wakalibeba swali lao pamoja nao.

Kazi ya kunakili hesabu ilifanywa na binti wa katibu, mwanafunzi wa sekondari, katika programu ya Excel, yaani lile jedwali la vijumba ambalo wataalamu wetu wa lugha huliita lahajedwali. Binti aliona herufi ni ndogo kwa macho ya wazee. Akateua sehemu yote iliyokuwa na maandishi, akaipa fonti ya Arial yenye ukubwa wa 12, akaridhika. Chini ya orodha aliacha mistari minane mitupu kwa ajili ya sahihi, na chini ya hapo ikawa ni mahali pa kuandikia waliochelewa kulipa. Huko hakugusa kitu, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuguswa.

Mama katibu akaendelea na kazi. Waliochelewa walipoleta fedha zao akawaandika mahali palipotengwa, majina saba. Karatasi ilipochapwa na kubandikwa mlangoni mwa ukumbi, orodha ya juu ilionekana kwa herufi pana na nzito za Arial, na yale majina saba kwa herufi ndogo, nyembamba, zenye ncha za mviringo, za fonti ya Calibri, ukubwa wa 11. Hata asiyejua kusoma angeona kwamba hazikutoka mahali pamoja. Na kwa bahati mbaya, mmoja wa wale saba alikuwa dada wa katibu mwenyewe. Mnaweza kukisia yaliyosemwa bombani asubuhi ile.

Nilikwenda kambini siku ya Jumamosi. Nilimkuta mama huyo amekaa mbele ya kompyuta ya kuazima, na pembeni mwake mweka hazina, bibi mjane mwenye umri mkubwa, ambaye hakuwa miongoni mwa walioshutumu lakini pia hakuwa tayari kutetea asichokielewa. Nilimheshimu kwa hilo.

Nilianza kwa kuwauliza: seli tupu, yaani kijumba ambacho hakijaandikwa kitu, kina herufi za namna gani? Katibu alijibu kwamba hakina, kwa sababu ni kitupu. Jibu hilo ni la busara, na ndiko fumbo lote liliko. Karatasi moja ya Excel tangu toleo la mwaka 2007 ina mistari 1,048,576 na safu 16,384, yaani seli zaidi ya bilioni 17. Kompyuta haiwezi kuandika habari za kila moja. Katika faili huhifadhi zile tu zenye kitu ndani yake, au zile ambazo mtu amezipangia sura. Zilizobaki hazimo kabisa. Lakini mara tu utakapobonyeza herufi ya kwanza ndani ya seli ambayo haijapangiwa sura, hiyo seli hainakili jirani yake wa mbali. Huvaa mavazi ya kawaida ya kitabu kizima.

Mweka hazina akasema, "Kama kuruta."

Ndivyo hasa. Kuruta anayeripoti leo hapewi sare iliyoshonwa kwa ajili ya kikosi fulani kilichokuwa na gwaride jana. Hupewa ile iliyoko stoo. Stoo ya Excel ni mtindo uitwao "Normal", na mtindo huo ndio unaoamua fonti ya kila seli isiyoagizwa vingine. Katika Excel ya zamani, hadi toleo la 2003, stoo ilikuwa na Arial ya ukubwa wa 10. Kuanzia toleo la 2007 ikawa Calibri ya 11. Tangu mwaka 2023 Microsoft imeanza kuleta fonti mpya iitwayo Aptos, na katika majedwali ni Aptos Narrow. Kwa hiyo kitabu kilichoanzishwa kwenye kompyuta ya zamani na kingine kilichoanzishwa kwenye kompyuta mpya huweza kutofautiana sura bila mtu yeyote kutenda kosa. Binti alizivalisha sare mpya seli zilizokuwapo. Stoo hakuigusa.

Katibu akauliza jambo ambalo lilinipendeza: mbona mwezi mwingine alipoongeza majina moja kwa moja chini ya orodha, herufi zilifuata zile za juu? Hapa kompyuta ina desturi yake. Ukiandika mstari mpya mwishoni mwa orodha, Excel hutazama mistari mitano iliyotangulia, na kama angalau mitatu ina sura moja, huuvisha mpya sura hiyo hiyo. Lakini ile mistari minane mitupu ya sahihi ilikata mnyororo. Desturi inayosaidia leo na kunyamaza kesho, kwa maoni yangu, ni mbaya kuliko kutokuwapo kabisa, maana humfanya mtu aamini kwamba mambo yanajiendesha yenyewe.

Sasa dawa. Maneno ya programu hiyo ni ya Kiingereza, nami nitayaandika kama yanavyoonekana kiooni. Kwanza weka nakala ya kitabu chako mahali pengine. Kisha fungua kitabu, nenda "Home", halafu "Cell Styles". Kwenye neno "Normal" bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Modify", kisha "Format", na katika sehemu ya "Font" uchague herufi na ukubwa unaotaka. Ukikubali, seli zote zinazofuata mtindo huo katika kitabu hicho zitabadilika, zenye maandishi na zilizo tupu, katika karatasi zote. Seli ambazo mtu alizichagulia fonti kwa mkono wake zitabaki na za kwake. Hizo inakupasa uzirudishe wewe mwenyewe.

Wapo wanaopenda njia ya mkato, ya kubonyeza pembe ya juu kushoto ili kuteua karatasi nzima na kuipa fonti. Haina ubaya kwa karatasi moja. Lakini karatasi ya pili ya kitabu kile kile haitasikia, na mwezi ujao utajikuta bombani tena.

Wanaotumia LibreOffice, ambayo haidai malipo na imo katika kompyuta nyingi za shule, wabonyeze F11 ili dirisha la mitindo lifunguke, wautafute mtindo uitwao "Default", wauhariri kwa namna hiyo hiyo. Kanuni ni ile ile, stoo ndiyo inayobadilishwa.

Kuhusu fonti ipi ichaguliwe, hapo tulikaa muda mrefu kuliko penginepo, maana mweka hazina ndiye mwenye macho ya kuihukumu. Katika Arial, I kubwa na l ndogo hukaribia kufanana, jambo linalosumbua katika namba za stakabadhi zilizochanganywa na herufi. Georgia ni nzuri kwa kusomea hadithi, lakini tarakimu zake hupanda na kushuka juu ya mstari, na katika safu ya fedha hufanya jicho liyumbe. Verdana ilimfurahisha bibi, kwa kuwa I yake ina vijiti juu na chini. Tukaiweka kwa ukubwa wa 14. Mara safu ya akiba ikajaa alama za ####.

Katibu alishika kichwa. Nilimtuliza: fedha haikupotea. Excel hupima upana wa safu kwa upana wa tarakimu za fonti ya "Normal". Lakini safu ile alikuwa ameibana kwa mkono hapo awali, na shilingi zetu ni tarakimu nyingi. Namba isipoenea, kompyuta hukataa kuionyesha nusu, ikaweka alama hizo badala yake. Nayaona hayo ni maadili mema, kwani 1,250,000 iliyokatwa ikasomeka 250,000 ingeleta vita. Bonyeza mara mbili haraka kwenye mpaka wa kulia wa kichwa cha safu, nayo itapanuka kwa kadiri inayotakiwa. Hata hivyo karatasi ilipochapwa ilitoka kurasa mbili badala ya moja, na wino ni fedha. Tukaishia kwenye Tahoma ya 13, ambayo ina I ya namna hiyo hiyo na ni nyembamba zaidi.

Mkutano ulifanyika. Nilieleza niliyoyaeleza hapa, lakini sikukubali maelezo yangu yawe ndiyo hukumu. Niliwaambia akina mama waziwazi kwamba herufi za namna mbili hazithibitishi wizi, na herufi za namna moja hazithibitishi uaminifu. Anayeujua mtindo wa "Normal" anaweza kuufanya uongo ukalingana na ukweli nukta kwa nukta. Basi mweka hazina akafungua mkoba, akatoa vitabu vya stakabadhi, na vishina saba vikasomwa kimoja baada ya kingine, pamoja na tarehe na sahihi. Vyote saba vililingana. Dada wa katibu alikuwa amelipa siku mbili baada ya wenzake, kwa sababu mtoto alikuwa hospitalini, na wawili kati ya waliosema sana walikumbuka kwamba walikwenda naye.

Limebaki jambo moja dogo. Kompyuta ile ni ya ofisi ya hesabu ya kikosi, na binti, kwa bidii yake, alikwenda mbele zaidi. Aliingia "File", "Options", "General", mahali panapowekwa fonti ya vitabu vipya vyote, akaweka Tahoma ya 13. Badiliko hilo haligusi vitabu vya zamani, nalo huanza kazi baada ya programu kufungwa na kufunguliwa upya. Jumatatu asubuhi koplo wa hesabu akafungua kitabu kipya, akaona tarakimu kubwa kama za bango la barabarani. Ameomba kwa adabu arudishiwe Calibri yake, na kwamba akina mama wabadilishe kitabu chao peke yake.