Ubunifu wa korosho unahitaji wataalamu wa hataza

FUNDI wa Newala akibuni mashine inayobangua korosho bila kuvunja punje, faida yake inaweza kudumu msimu mmoja tu, kwani karakana yoyote ya Masasi inaweza kuinakili. Kinga ya kisheria ipo, nayo ni hataza. Tatizo ni kumpata mtaalamu wa kuiandika.

Kwa mujibu wa sheria ya hataza ya mwaka 1987, maombi hupelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Kitu kinachoombewa lazima kiwe kipya, kiwe na hatua ya ubunifu na kiweze kutumika katika uzalishaji. Kwa ubunifu mdogo ipo hati nyepesi zaidi, ambayo haidai hatua ya ubunifu.

Ugumu uko kwenye sehemu iitwayo madai, inayoeleza mipaka ya kinacholindwa. Mwandishi akidai "kisu cha kubangulia korosho", ombi litakwama kwa kuwa visu hivyo vipo tangu zamani. Akidai kisu chenye boliti tatu, jirani ataweka nne na kukwepa. Kuandika madai kunahitaji mtu anayeelewa sheria na mashine kwa pamoja.

Nchini kazi hii hufanywa zaidi na mawakili. Ili kuwa wakili, mhitimu wa shahada ya sheria hupitia Shule ya Sheria kwa Vitendo jijini Dar es Salaam. Mwaka 2022 matokeo ya mkupuo mmoja yalizua mjadala mkubwa: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo. Hata hivyo, anayevuka kikwazo hicho amepimwa kwa uwakili wa jumla. Hajapimwa kama anaweza kusoma mchoro wa mashine.

India, mnunuzi mkubwa wa korosho ghafi ya kusini, inafuata njia nyingine. Huko wakala wa hataza si lazima awe mwanasheria. Anatakiwa kuwa na shahada ya sayansi, uhandisi au teknolojia, kisha afaulu mtihani wenye karatasi ya sheria, karatasi ya kuandika na kufafanua maelezo ya hataza, na usaili. Marekani nayo hudai elimu ya sayansi kabla ya mtihani wa maswali 100 ya kuchagua jibu. Hivyo mtahiniwa wa nchi hizo hujiandaa akiwa tayari anaijua mitambo.

Kwa mikoa ya kusini, hili si jambo la wasomi peke yao. Viwanda vya korosho vilivyojengwa miaka ya 1970, vikiwamo vya Masasi na Newala, vilitegemea mitambo ya Italia na Japani, na vingi vilikaa bila kazi kwa miaka mingi. Mashine ndogo zinazobuniwa hapa hapa zingeweza kuziba pengo, endapo mbunifu angekuwa na hakika ya kurudisha gharama zake. Kwa upande wa miche, aina mpya kama zinazozalishwa na kituo cha utafiti cha Naliendele hulindwa na sheria nyingine, ya mwaka 2012, ya haki za wagunduzi wa mbegu.

Ni busara basi kufikiria mtihani maalumu wa hataza, utakaowafungulia mlango wahandisi na wahitimu wa kilimo pamoja na mawakili. Mkoa ukipata hata wataalamu wachache wa namna hiyo, fundi hatalazimika kufunga safari hadi Dar es Salaam kutafuta ushauri.

Wakati hilo likisubiriwa, mbunifu achore kazi yake, aandike tarehe, na asiipeleke kwenye maonyesho ya Nane Nane kabla ya kuwasilisha ombi. Kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kupoteza sifa ya kuwa kipya, na hapo hata wakili hodari atakuwa na kazi ngumu.