Kuku Mzima Katika Chungu cha Umeme: Polepole Si Uzembe



Juma hili twaingia jikoni kuzungumzia chombo ambacho kimeanza kuzoeleka katika nyumba zetu za mwambao, nacho ni chungu cha umeme kinachopika kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Wako walioletewa na jamaa walioko ng'ambo, na wako walioununua mjini. Katika nyumba zisizo chache, hata hivyo, chombo hicho kimekaa juu ya kabati ndani ya boksi lake, kikingojea siku isiyofika. Sababu huwa ni moja kati ya mbili. Ama mwenye nyumba hakiamini, ama alikiamini kupita kiasi mara ya kwanza, akatia kuku na maji kama atiavyo katika sufuria, na jioni akatoa kuku mweupe aliyeelea katika maji yasiyo na ladha.

Twapenda kumtoa kila mmoja katika wasiwasi wake. Wahenga walituambia kwamba haraka haina baraka, lakini hawakutuambia kwamba kila kinachokawia kina baraka. Kupika polepole ni kazi yenye kanuni zake, na karibu kazi yote hufanywa kabla ya kifuniko kufungwa. Anayezitunza kanuni hizo hupata chakula kizuri na saa nne au tano za mchana wake. Anayezipuuza huenda akawalisha watoto wake maradhi.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Si presha kuka. Presha kuka hufungia mvuke ili kuharakisha, na hiki hufanya kinyume chake. Kina ganda la nje lenye waya wa kutia moto, ndani yake mna chungu kizito cha udongo, na juu pana kifuniko cha kioo. Kwa kawaida hutumia wati 200 hadi 300 tu. Chenye wati 250 kikipika kwa saa 6 humaliza uniti 1.5 za umeme. Moto wake hupanda taratibu, mvuke hugonga kifuniko, hugeuka maji na kurudi chini. Ndiyo maana chakula hakikauki, na ndiyo maana pia maji hayapungui. Maji unayoyatia asubuhi utayakuta jioni, na juu yake yameongezeka yale yaliyotoka kwa kuku.

Upishi wa namna hii si mgeni kwetu. Bokoboko, ngano na nyama zinazokaa motoni hadi zikashikana, haipikwi na mwenye pupa. Wala biriani haikamiliki mpaka ipaliwe makaa juu ya kifuniko na kuachwa itulie. Chombo ndicho kigeni. Irving Naxon, mvumbuzi aliyeishi Chicago nchini Marekani, alipata hataza yake mwaka 1940. Mamake, aliyekulia Lithuania, alimsimulia jinsi jamaa za Kiyahudi walivyopeleka vyungu vyao kwa mwoka mikate siku ya Ijumaa kabla ya jua kutua, viive usiku kucha kwa joto la tanuri linalopoa, kwani dini yao haikuwaruhusu kuwasha moto siku ya Sabato. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilikitia sokoni kwa jina la Crock-Pot. Kwa hivyo tangu asili yake chombo hiki ni jawabu la swali tunalolijua vyema: vipi familia itapata chakula cha moto bila ya mtu kusimama mekoni wakati ambao ana jambo kubwa zaidi mbele ya Mola wake?

Tuje kwa kuku. Kwa chungu cha lita 5 au 6, kuku wa kilo 1.5 anatosha. Asibanwe, na kifuniko kikae sawasawa bila ya kuinuliwa na kifua chake. Kuku wa broila ni mchanga, amelelewa kwa majuma machache tu, na nyama yake haina mishipa migumu. Akiachwa saa 8 atavunjika vipande, na kifua chake kitakuwa nyuzi kavu. Kuku wa kienyeji, hasa tembe aliyekwisha kutaga miaka, ndiye anayefaidika zaidi na chombo hiki. Ile mishipa inayomfanya awe mgumu katika sufuria huyeyuka kidogo kidogo kwa moto wa muda mrefu, ikaufanya mchuzi kuwa mzito na wenye kushika midomo. Ikiwa kuku ni wa kugandishwa, hakikisheni uchinjaji wake kabla ya kuangalia bei yake.

Sasa kanuni za kabla ya kifuniko, nazo ni nne.

Kanuni ya kwanza, kuku ayeyuke barafu kabisa, na ayeyukie ndani ya friji. Kuku wa kilo 1.5 huhitaji usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana. Joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 ndilo ambalo vijidudu huzaana kwa kasi, na chungu hiki hupanda moto taratibu. Kuku mwenye barafu tumboni atakaa saa nyingi katika joto hilo kabla ya kuanza kuiva. Wala asiachwe juu ya meza ayeyuke. Katika miezi yetu ya joto kali, saa moja tu nje ya friji ni nyingi.

Kanuni ya pili, uangalifu wa kuosha. Twajua kwamba nyumba zetu hazikubali kuku asiyeoshwa kwa ndimu. Basi aoshwe ndani ya bakuli lenye maji, si chini ya mfereji unaorusha matone juu ya vyombo na kachumbari. Kisha bakuli, sinki, ubao na mikono zisafishwe kwa sabuni.

Kanuni ya tatu, viungo vikae usiku. Twangeni punje 6 za thomu na kipande cha tangawizi, changanyeni na maji ya ndimu 2, chumvi vijiko vya chai 2, bizari iliyosagwa kijiko cha chai 1, manjano nusu kijiko na pilipili manga nusu kijiko. Mpakeni kuku nje na ndani, chini ya ngozi panapofikika, mfunikeni na kumrudisha katika friji. Tumboni mtieni nusu ndimu na thomu tu. Msimjaze wali wala mayai, kwani shindilio huzuia moto kufika ndani. Chumvi ikipimwa hivi kwa kijiko, aliyefunga hana haja ya kuonja.

Kanuni ya nne, mpangilio. Viazi na vitunguu vilivyokatwa vinene viwe chini, kwa sababu mbatata huchelewa kuiva kuliko nyama na moto uko chini na ubavuni. Kuku awe juu yake, kifua kikitazama juu. Maji ya moto nusu kikombe yanatosha kabisa. Chungu kilichotoka katika friji kisiwekwe mara moja juu ya moto, kwani udongo hupasuka.

Hapo ndipo kifuniko kinapofungwa, na kikifungwa kisiguswe. Kila kinapofunuliwa joto hutoroka, na huenda likachukua dakika 20 au zaidi kurudi. Kioo kimewekwa ili tuangalie kwa macho. Kwa moto wa juu, broila wa kilo 1.5 huiva kwa takriban saa 4, na kwa moto wa chini kwa saa 6 au 7. Wa kienyeji huongezewa saa moja au mbili. Mnapoanza na moto wa chini, saa ya kwanza muwashe wa juu ili chungu kipite haraka katika joto la hatari. Kipimo cha kweli si saa wala rangi. Ni nyuzi 74 katikati ya paja, pasipogusa mfupa. Kipimajoto cha jikoni ni kijiti kidogo, na twaona kuwa ni bora kukinunua kabla ya sahani nyingine ya maua.

Kuku atatoka laini, lakini rangi yake haitavutia, kwa kuwa mvuke hauchomi. Hapa twarudi kwa ujuzi wa mwambao, tukamalizia kwa kupaka. Mtoeni kwa miko miwili mipana, mumlaze katika sufuria pana. Chukueni kikombe 1 cha mchuzi uliobaki chunguni, mwondoe mafuta yaliyoelea, muutie motoni pamoja na kikombe 1 na nusu cha tui zito, manjano kidogo, pilipili na chumvi. Korogeni bila ya kuacha, lisije tui likakatika, mpaka uwe mzito. Ukishatoka motoni, kamulieni ndimu. Mpakeni kuku vizuri. Mwenye oveni amtie kwa nyuzi 220 kwa dakika 10 hadi 15. Mwenye jiko la makaa afunike sufuria kwa kifuniko bapa na kupalia makaa yaliyokolea juu yake, kama afanyavyo kwa wali, mpaka ngozi igeuke rangi ya dhahabu. Mchuzi uliosalia umwagiwe juu wakati wa kupakua, pamoja na wali au mkate wa mofa.

Wakati wa Ramadhani hesabu ni nyepesi. Chungu kikiwashwa saa 7:00 mchana baada ya Adhuhuri, kuku wa broila ameiva saa 11:00, na kumalizia kwa tui hakuzidi nusu saa. Magharibi itaikuta nyumba imetulia.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya wageni hulitaja kwa ufupi, na sisi hatuwezi, nalo ni kupotea kwa umeme. Umeme ukikatika na mko nyumbani, msingoje. Mhamisheni kuku katika sufuria na mmalize kumpika kwa gesi au makaa saa ile ile. Ikiwa alikuwa amekwisha kuiva, ana saa 2 za usalama. Lakini ikiwa hakuna aliyekuwa nyumbani, na mmerudi mkakuta dalili kwamba umeme ulipotea kwa muda msioujua, kuku huyo hafai kuliwa, hata akionekana ameiva na kunukia. Kumchemsha tena hakumwokoi, kwa kuwa wako vijidudu ambao sumu yao haiondoki kwa kuchemshwa.

Twajua uzito wa maneno haya. Kuku mzima ni pesa, na sisi ni umma uliofunzwa kuchukia israfu hata ya tonge. Lakini wanazuoni wameihesabu hifadhi ya nafsi miongoni mwa makusudio makuu ya sheria, na mtoto mmoja aliyelazwa kwa kuharisha ni gharama kubwa kuliko kuku kumi. Njia ya kuikwepa israfu ni kuchagua siku ambayo yuko mtu mzima nyumbani, japo amelala, japo anasoma. Chungu hakihitaji mkono wake. Kinahitaji awepo tu.

Na israfu nyingine iko katika mifupa. Msiitupe. Irudisheni chunguni na maji ya moto lita 1.5, kitunguu na kipande cha tangawizi, muiache kwa moto wa chini saa 8. Supu itakayotoka ni kinywaji cha mgonjwa, cha mzee asiyeweza kutafuna, na cha mzazi aliye katika arubaini yake. Nyama iliyobaki igawanywe katika vyombo visivyo na kina na kuingia katika friji kabla ya saa 2 kupita. Kesho yake ipashwe moto jikoni mpaka ichemke, kwani chungu hiki hakina kasi ya kupasha kilichopoa.

Tumalizie kwa saa zile nne tulizozitaja mwanzo. Ni za nani? Tumeona jinsi kila chombo kinachoingia nyumbani kumpunguzia mama kazi kinavyofuatwa na kazi nyingine. Kuku akijipika, basi na zitengenezwe sambusa, na kaimati, na viazi vya karai, na bajia, mpaka adhana imkute mama yuko vile vile mbele ya moto, jasho likimtiririka, na msahafu wake haujafunuliwa tangu Alfajiri. Hapo chungu kimeokoa makaa tu, hakikumwokoa mtu.

Rai yetu ni kwamba saa hizo zitajwe waziwazi mbele ya familia. Baba na vijana wafahamu kwamba siku ya kuku wa chungu, baina ya Adhuhuri na Alasiri, mama hana kazi ya jikoni. Akitaka atasoma juzuu yake, akitaka atalala, akitaka atamtembelea jirani mgonjwa. Meza iandaliwe na wengine, na kile chungu kizito kioshwe na mwenye mikono yenye nguvu. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake, na hakuna katika sisi aliye na heshima kumshinda.

Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, azilinde afya za watoto wetu, na awalipe mama zetu kwa kila moto waliosimama mbele yake kwa ajili yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.