Tikiti ya Yuro 19

Bergamo, Italia

Kwa Mama, kwa Mjomba, kwa dada zangu, na kwa nyote wa mtaani hapo Malindi, pamoja na walioko Watamu, Gede na Kilifi mtakaosomewa,

 Huku baridi ndiyo imeanza kutuonja.

Kilichoniketisha kuandika ni picha niliyotumiwa na binamu yangu wiki iliyopita. Ndege, bahari ya samawati, na bei kwa herufi kubwa: yuro 19. Chini yake ameandika, "Kaka, na hii je? Bado nauli ni ghali?" Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa kuwa najua hilo si swali lake peke yake. Mwaka wa tatu huu sijakanyaga Malindi, na mtu akisikia kila siku kwamba Ulaya ndege ni bei ya biriani, ana haki ya kujiuliza ndugu yake amekwama wapi. Basi nawajibu nyote kwa pamoja.

Ndege hiyo haiji kwetu. Inaruka hapa Orio al Serio, uwanja ninaoupita nikienda kazini, na inaishia Palermo au Brindisi, humu humu Italia. Biashara yake mnaijua vizuri kuliko mnavyodhani, maana ni ya matatu: chombo kisilale. Ikitua, watu wanamwagika, wengine wanapakiwa, na kwa dakika kama 25 imeshageuza. Ryanair, ambao hapa ni kama kwao, hutumia zaidi Boeing 737, nyingi za viti 189, vimebanana, havilali nyuma. Ukisahau kujisajili kwenye simu wakakutolea pasi ya kuabiri uwanjani, utalipa yuro 55, karibu mara tatu ya ile nauli. Kuruka mara tano sita kwa siku kunawezekana kwa safari ya saa moja au mbili. Kwa safari ya kuvuka Sahara mpaka Mombasa, ndege yoyote ingekwenda na kurudi mara moja tu, siku imekwisha. Ndiyo maana nauli ya kuja kwetu haikuanguka pamoja na hizo nyingine.

Halafu kuna hili la majina. Uwanja wetu huu huuzwa kama wa Milano, na Milano yenyewe iko karibu kilomita 50. Ujerumani walivuka mpaka: kuna uwanja unaitwa Frankfurt-Hahn, na kutoka hapo hadi Frankfurt ni kilomita 120 hivi. Ni sawa na kumwambia mtu umemfikisha Malindi, kumbe umemshusha Mombasa! Lakini sisi wa Malindi tunacheka nini, na hiyo ndiyo safari yetu ya siku zote? Njia yetu ya kurukia ndege ina kama kilomita 1.4, inatosha ndege za pangaboi, haitoshi jeti kutoka Ulaya. Wataliani wanaojaza hoteli zenu hushukia Mombasa kama mimi, kisha wapite Makupa, Nyali, Bamburi, waote kutu kwenye foleni ya Mtwapa, wavuke daraja la Kilifi, ndipo waanze kunusa harufu ya nyumbani, yao au yetu. Maneno ya kuirefusha njia yetu ya ndege nimeyasikia tangu nikivaa kaptura ya shule. Kila uchaguzi huja na mita zake, na wenye mashamba bado wanaulizia fidia. Mimi nataka irefushwe, sifichi, lakini mwenye shamba alipwe kwanza, kabla trekta halijawashwa.

Msinielewe vibaya, mimi si adui wa ndege za bei nafuu. Nakumbuka Mjomba alipougua macho. Safari ya kwanza ya Nairobi alipelekwa kwa basi, usiku kucha, kitambaa usoni, akishuka kila kituo kuuliza tumefika wapi. Ya pili alipanda Jambojet, kampuni ya Kenya Airways iliyoanza kuruka Aprili 2014. Dash 8, viti 78, saa moja na ushei, na dada alilipa kwa M-Pesa akiwa jikoni. Mjomba hadi leo anasimulia jinsi alivyopewa kiti cha dirishani na haoni kitu. Watanzania nao walionja utamu huo: fastjet ilianza Dar es Salaam Novemba 2012, ikawapandisha watu ambao ndege walizijua kwa kuziangalia juu tu, lakini 2018 haikuisha ila imeshasimama huko. Kwa hiyo kampuni changa ikiuza tikiti za mwakani kwa bei ya kutupa, nunua ile ambayo hata ikipotea utalala usingizi.

Na jamaa zetu wa Ghuba sasa wanatucheka. Tangu Januari 2024 flydubai inatua Mombasa moja kwa moja. Mtu wa Dubai anakunywa chai ya asubuhi kule, jioni yuko Kilifi anakula mkate wa mofa. Mimi huku bado naunga unga.

Kuunga huko ndiko kulikonitia adabu. Mara ya mwisho nilipokuja niliona ujanja: nikate tikiti za kurudi mbili mbali mbali, moja ya ndege ndefu mpaka mji mmoja wa Ulaya, nyingine ya bei nafuu kutoka hapo hadi Bergamo. Hii ya pili haikuwa na mzigo wa tumboni mwa ndege, ila begi dogo la kuweka chini ya kiti. Mama, unakumbuka tulivyopima begi usiku ule kwa mizani ya samaki ya Baba, tumeitundika kwenye komeo la mlango? Ulitoa leso moja, ukairudisha, ukatoa viatu vyangu. Na chupa ya achari ya embe ukaizungusha gazeti mara tatu.

Kule nilikobadilisha ndege ilibidi nitoke nje kabisa na kupita ukaguzi upya, kwa kuwa kampuni ya pili haijui wala haitaki kujua ya kwanza ilinileta. Binti wa ukaguzi akalifunua lile gazeti taratibu, kama anayefungua kanzu ya mtoto. Akaitikisa chupa. Mafuta yakapanda, vipande vya embe vikashuka. Akaniambia hiki ni kimiminika, kimezidi mililita 100. Nikamwambia ni chakula. Akaitikisa tena, kunionyesha. Nyuma yangu kulikuwa na watu mia wanaofungua mikanda. Nikaomba kijiko, wallahi, nikakosa. Ile chupa ilibaki pale kwenye pipa, kati ya maji na manukato, na sikuwahi kukwambia. Nilikupigia simu nikasema imefika salama na jirani zangu wamelamba vidole. Nisamehe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bei nafuu huuziwa mtu anayejua tarehe yake. Anayekata tikiti Februari ya kusafiri Agosti, hana mzigo, hana mtoto, wala mgonjwa kwao. Kadiri siku inavyokaribia ndivyo nauli inavyopanda, kama matatu za Desemba, tofauti ni kwamba makanga unaweza kumwomba. Na sisi tulio mbali, safari zetu nyingi hazina tarehe.

Mwaka ule Baba Mdogo alipotangulia mbele ya haki, mimi nilikuwa na tikiti mkononi. Ya Agosti. Nilikata mapema, ile ya chini kabisa, isiyorudishwa pesa. Yeye akaondoka Juni, Jumanne alfajiri. Nilipiga simu kwa kampuni kubadilisha siku; nikaambiwa adhabu pamoja na tofauti ya nauli, jumla ikashinda tikiti mpya, na mpya sikuiweza. Rafiki yangu wa Ganze, mazishi ya babake yalimsubiri hadi alipofika. Kwetu hatusubiriani, na ni sawa, ndiyo dini. Baba Mdogo alizikwa baada ya Alasiri. Mlinipigia mkanipa nisikilize, nikasikia dua, kisha honi ya tuktuk, kisha mtu akiuliza, "Yule wa Italia je?" Nilikuwa nimesimama nje ya ghala na fulana ya kazi. Sikusikia mlimjibu nini.

Tangu siku hiyo nimeapa kukata tikiti moja tu, kutoka hapa hadi Mombasa, inayobadilishika, hata ikinigharimu mshahara wa mwezi. Ikichelewa, jukumu ni lao. Na ndege ikiondokea Ulaya, kuna sheria ya 2004: ukifika umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa lao, safari ya zaidi ya kilomita 3,500 unalipwa hadi yuro 600, na haulizwi ulinunua kwa bei gani. Hata wa yuro 19, safari yake fupi, hudai 250! Binamu, hilo ndilo zuri la ndege yako.

Nimeshakata. Nafika Mombasa tarehe 18 Desemba, saa tisa mchana, inshallah. Msije na Noah nzima, aje mmoja na maji baridi, maana Mtwapa tutalala. Nimelipia kilo 30 kwenda na 30 kurudi. Mama, mizani ya Baba iwe tayari kwenye komeo, na achari safari hii fanya chupa mbili.

Wenu,
Mwanenu wa Bergamo